Kikao cha Kuujadili Mdomo wa Bibi Elieshi

"Shikamoo, bibi," kilisema kibandiko.

Mama mkwe wangu aliweka kikombe mezani. Alilowesha ulimi, akafungua mdomo, ikatoka pumzi kavu.

"Shikamoo, bibi," kilirudia kibandiko kutoka chini ya taya lake, kwa upole uleule.

"Mara..." Ulimi ukagandia juu kwenye kaakaa.

"Shikamoo, bibi."

"Ameshaitikia!" nilifoka, mtoto mgongoni, mwiko mkononi. "Toa habari zako tuendelee na maisha!"

Hakikunijali. Kilitengenezwa kimsikilize mwenye shingo tu. Vijana waliokibuni walilelewa vizuri mno na mama zao. Waliona ni utovu wa adabu kifaa kumpa mtu mzima habari za mwili wake kabla hakijamwamkia na kuitikiwa. Hakuna hata mmoja wao aliyekumbuka kwamba wanawatengenezea watu waliokaukiwa mate.

Nikafanya ninavyofanya kila asubuhi. Nilichovya kidole kwenye mafuta ya nazi, nikampaka midomo, nikamsogezea maji, tukangoja. Nyuma yangu mtori wa ndizi ulianza kushika chini ya sufuria. Nsia, mwanangu, alinivuta nywele kwa furaha ya mtu asiye na shida yoyote duniani.

"Marahaba," Mama alisema hatimaye. Sauti yake ilikwaruza kama ganda la ndizi lililokauka.

"Asante, bibi. Tezi ya mate iliyo mbele ya sikio la kushoto: askari weupe wameongezeka kuzunguka mifereji. Makambi mawili yameungana kuwa moja. Tezi za chini ya taya: hali ni kama jana. Kingamwili za homa ya mashavu: ni nyingi na zina nguvu. Hongera, bibi."

Mama alinitazama.

"Hongera," alisema polepole, akanywa maji mengine, akasukuma bakuli la mtori pembeni kabla hata sijalijaza.

*

Ugonjwa wenyewe Daktari Lugano alinieleza siku ya kwanza, tukiwa kwenye benchi nje ya kliniki, mimi nikinyonyesha.

"Askari wa mwili wa mama yako wamekosea adui," alisema. "Wameingia kwenye tezi zake za mate na kuzipiga kana kwamba ni wageni. Kwa kawaida askari wakimaliza kazi hutawanyika. Hawa wamekaa. Wamejenga kambi, na ndani ya kambi wamefungua shule. Chembe changa zinaingia pale, zinafundishwa kutengeneza kingamwili, zinahitimu, zinaendelea kuipiga tezi ileile iliyozihifadhi."

"Mifugo imehamia jikoni," nilisema.

"Na inakula sufuria." Alicheka. Nilimpenda kwa hilo.

Asilolicheka ni lililofuata. Homa ya mashavu ilipoingia Kibosho, watoto wachanga wakivimba mashavu mpaka macho yakafichika, na wengine wakipoteza usikivu, wenye kliniki walipima damu na mate ya kila mtu mlimani. Mate ya Mama, hayo machache, yalikuwa na kingamwili ambazo hazikuonekana kwa mtu mwingine yeyote. Ile shule ya wakorofi ilikuwa imejifundisha, kwa bahati tu, kumtambua mdudu wa homa ya mashavu. Walijaribu kuzikuza zile chembe kwenye chupa, zikasahau somo. Zilikumbuka ndani ya tezi za Mama tu.

Basi kila siku Lugano akawa anakuja na mrija mwembamba kama uzi. Aliuingiza kwenye kitundu kilichomo ndani ya shavu, akaisuuza tezi, akayavuta yale maji, na kule kliniki yakachujwa yakawa matone. Mtoto akidondoshewa matone ulimini, juma zima homa haimgusi. Juma lililofuata anahitaji mengine. Watoto wa kata nzima walikuwa wanakunywa shavu la mama mkwe wangu. Nsia alikuwa wa kwanza.

Na Mama aliamka akiwa na meno yaliyooza kwenye fizi kwa kukosa mate. Alimeza mtori uliochujwa tu. Ndizi nyama, chakula alichowalisha ukoo huu miaka yote, kilimkwama kooni kama mchanga. Macho nayo yalikauka, hata kulia ikawa kazi.

Halafu, ghafla, wapatanishi wakafika.

Wapatanishi ni chembe za mgonjwa mwenyewe. Huchukuliwa damuni, zikafunzwa maabara namna ya kutuliza ugomvi, kisha zikarudishwa ndani ya tezi. Hazimuui askari hata mmoja. Zinaingia kambini na kuwaambia askari kwa lugha yao kwamba vita imekwisha, warudi makwao. Shule inafungwa, mifereji inafunguka, mate yanarudi. Zamu ya Mama ilikuwa imefika.

"Ila shule ikifungwa," Lugano alisema, safari hii hakucheka, "inafungwa na lile somo."

*

Sheria inataka ridhaa ya mdomo. Watu walikuwa wameghushi saini na alama za vidole mpaka serikali ikachoka, ikaamua mtu aseme mwenyewe, na mashine iifananishe sauti yake na ile iliyohifadhiwa. Sauti ya Mama iliyohifadhiwa ni ya enzi zile anaongoza kwaya ya kina mama. Nilishaisikia. Imekaza kama kamba, unaweza kuianikia nguo.

Alijaribu kliniki mara nyingi. Kila mara mashine ilijibu: "Sauti hii si ya Elieshi."

"Ni ya nani sasa?" nilimuuliza yule binti wa mapokezi. "Ya kwangu?"

"Mama Nsia, mimi sijasema, mashine ndiyo imesema."

"Ugonjwa wake ndio uliokausha sauti! Mnamnyima dawa ya mate kwa sababu hana mate?"

"Kama mgonjwa hatambuliki, uamuzi ni wa ukoo," alisema, akitazama pembeni yangu. "Ukoo ukae, mtunzaji wake aje aseme kwa niaba yao. Mtunzaji si ni wewe?"

Basi ukoo ukakaa. Ilikuwa Jumamosi ya Desemba, wengine wameshapanda mlimani kwa ajili ya sikukuu. Baba Mkubwa Kundaeli, kaka wa marehemu baba mkwe, alikaa kwenye kiti cha mbele akiwa na pombe yake ya mbege. Shangazi Haikaeli alikuja kwa kivuli cha mtandaoni kutoka Mwanza, na kivuli chenyewe kikawa kinaganda kila anapofungua mdomo. Mume wangu, Ombeni, naye alikuja kwa kivuli kutoka Dodoma, katikati ya zamu yake ya treni, kofia kichwani. Daktari Lugano alisimama kando na mashine yake ya ridhaa. Mama alikaa palepale sebuleni, karibu na mlango, kikombe cha maji magotini. Tulikuwa tumemwekea mto mgongoni. Tulijiona tumemjali.

"Jambo letu ni dogo," alianza Baba Mkubwa, halafu akalizungumza mpaka mbege ikafika nusu. Alizungumza juu ya babu yao aliyegawa kihamba, shamba la ukoo, juu ya mfereji wa maji ambao ukoo huu uliwaachia majirani bure, juu ya heshima. "Leo Mungu ameweka dawa ndani ya mke wa ndugu yangu. Watu wanatoka mpaka Uru. Tukiifunga, tutawaambia nini?"

"Mtawaambia anaumwa," nilisema.

"Mama Nsia, ngoja kwanza wakubwa wamalize."

"Mimi naona..." alisema Shangazi Haikaeli, akaganda, kidole juu, mdomo wazi, jino la dhahabu linang'aa. Tukamngoja. "...mpaka mvua za masika tu. Wifi ni mtu wa kanisa, anajua kujitoa. Wifi, si unajua?"

Mama alinyanyua kikombe, akanywa, akajiandaa kusema.

"Anajua," akajibu Baba Mkubwa.

Mama akashusha kikombe.

"Hii ya mpaka masika mlisema na masika yaliyopita," nilisema. "Kila mkisema ni mpaka kitu fulani, na hicho kitu kikifika, mnasema mpaka kingine."

"Lakini mke wangu," alisema Ombeni kutoka Dodoma, sauti ya chini, "wa kwanza kunywa yale matone ni Nsia. Umelifikiria hilo?"

Nimelifikiria! Kama kuna mtu hapa duniani aliyelifikiria, ni mimi. Nimelala nalo na kuamka nalo. Nimeshika mkono wa Mama kila asubuhi mrija ukiingia, nikahisi vidole vyake vikinibana, halafu nikambeba mwanangu kwenda kliniki kupokea kilichotoka kwenye ule uchungu, nikasema asante. Mume wangu alikuwa ananiuliza kama nimelifikiria akiwa na kofia ya treni kichwani.

"Nimelifikiria," nilisema.

"Basi. Mimi nakubaliana na wazee."

"Kura imepita," alisema Baba Mkubwa, ingawa hakuna aliyepiga kura. "Mama Nsia, mwambie daktari. Tezi zibaki kama zilivyo, tutakaa tena masika."

Lugano aliisogeza mashine mbele yangu. Taa yake ya kijani ikawaka.

"Mtunzaji," ilisema mashine, "je, tezi za Elieshi zibaki bila kutibiwa?"

Nsia alikuwa amelala, mdomo wazi begani kwangu, mate yake yamelowesha blauzi yangu. Mate mengi, ya bure, ya ovyo tu. Niliyahisi yakipoa kwenye ngozi.

"Hapana," nilisema.

"Mama Nsia!"

"Hapana. Zitibiwe. Hata kesho. Huyu ni mtu, si kisima cha kijiji."

Sebule ililipuka. Baba Mkubwa alisimama, akakaa, akasimama tena. Shangazi Haikaeli aliganda akiwa amejishika kichwa, na ilivyo bahati mbaya sauti yake haikuganda. Ombeni aliniita kwa jina langu la usichana, jambo ambalo hufanya akikasirika sana. Mimi nikageuka kumtazama Mama. Kusema kweli nilitegemea machozi, au mkono wake, au angalau kichwa kimeinamishwa kwa shukrani.

Mama aligonga kikombe mezani kwa nguvu hivi kwamba maji yaliruka yakamlowesha Baba Mkubwa suruali.

"Na wewe!" aliniambia.

*

Mama alinyoosha kikombe nikijaze. Nikakijaza. Alikunywa, akangoja koo lilainike, na safari hii hakuna aliyethubutu kujibu badala yake.

"Hawa," alisema, akiwaonyesha kwa kidevu, "wamenifunga zizini. Wananikamua." Akanywa. "Wewe umekuja, umefungua mlango." Akanywa tena. "Ng'ombe akifunguliwa mlango, ameulizwa?"

Nilitaka kusema, Mama, nimekutetea! Nimegombana na ukoo mzima kwa ajili yako, nimegombana na mume wangu, nimemweka mwanangu rehani! Maneno yalinijaa mpaka puani. Halafu nikatambua kwamba katika kuosha, kupaka mafuta, kuchuja mtori, kufokea kibandiko na kumfokea binti wa mapokezi, kuna kitu kimoja sijawahi kukifanya. Nilikuwa nimemhurumia kila siku. Kumuuliza, sikumuuliza hata mara moja.

"Daktari," nilisema, "jibu langu limeshafungwa?"

"Bado. Linafungwa jioni."

"Lifute."

Baba Mkubwa alianza kutabasamu.

"Usitabasamu, Baba Mkubwa, sijarudi kwenu." Nilivuta kigoda, nikakaa chini mbele ya Mama, macho yangu chini ya macho yake. "Mama, sheria inataka sauti yangu. Haya, ni yako. Nitasema utakachosema, neno kwa neno, hata kama sikipendi. Unataka nini?"

Alichukua muda. Naapa alichukua muda mrefu kuliko hotuba yote ya Baba Mkubwa. Alikunywa, akafikiri, akanywa. Shangazi Haikaeli alijaribu kusema kitu, Ombeni akamwambia, "Shangazi, tafadhali." Nikampenda tena kidogo.

"Nimechoka," Mama alisema. "Nataka kula. Nataka kumbusu mjukuu nisimkwaruze." Akanywa. "Lakini sitaki kufunga leo. Nasikia mtoto wa Mama Kimaro amevimba." Akanywa. "Na sitaki kuahidi mpaka masika. Sitaki kuahidi hata mpaka kesho."

"Sasa shemeji, hiyo ni ndiyo au ni hapana?" aliuliza Baba Mkubwa.

"Ni yangu," alisema Mama.

Halafu akanipa maneno ya kusema, moja moja, kati ya funda na funda, na mimi nikayarudia mbele ya taa ya kijani. Kwamba tezi ni za Elieshi. Kwamba mrija hauingii mdomoni mwake ila aombwe asubuhi hiyohiyo, yeye, uso kwa uso. Kwamba anaweza kutoa na anaweza kukataa, na akikataa haulizwi sababu. Kwamba siku ya kuwaita wapatanishi ataitaja yeye. Mashine ilisumbua, ikasema hilo jibu haliko kati ya majibu inayoyajua. Lugano akaibonyeza mahali fulani pa pembeni na kuiambia iandike hivyohivyo ilivyosikia. Ikaandika.

"Ni ukoo gani huu," alisema Baba Mkubwa, akikung'uta suruali.

*

Siku zilizofuata walikuja. Kina mama wa Kibosho walikaa sebuleni, watoto mapajani, wakaona aibu, wakaomba. Wengine hawakuwahi kujua kwamba matone yanatoka kwa mtu. Walidhani yanatoka kliniki. Mama aliwasikiliza, akawakagua watoto mashavu, akawauliza majina ya bibi zao. Alikubali, akakubali, akakubali. Mimi nikaanza kupumua. Nikajisemea, unaona? Ukimwuliza mtu anatoa. Nikawa tayari nimeshajipongeza.

Kisha ikafika asubuhi ambayo juma la Nsia lilikuwa limekwisha. Chini ya barabara mtoto wa Mama Kimaro alikuwa bado hajafumbua macho. Nilimaliza kuchuja mtori, nikamwosha Nsia uso, nikamvalisha gauni la kutokea, sijui kwa nini, kana kwamba tunakwenda kuonana na mkuu. Nikaingia chumbani kwa Mama, nikapiga magoti.

"Mama, naomba matone ya mwanangu."

Alikuwa amekaa kitandani. Alifungua mdomo, akanionyesha. Ndani ya shavu, pale kitundu kilipo, palikuwa pekundu na vidonda viwili vyeupe pembezoni. Kumbe alikuwa amewavumilia wale wote wa juzi na jana.

Alimtazama Nsia. Nsia akamcheka, akamnyooshea mikono. Mama alimpokea, akamweka kifuani, akamnusa utosi kwa muda.

"Leo sitaki," alisema.

Damu ilinipanda kichwani. Nilikuwa na maneno. Yalikuwa mazuri, yamepangika, na nadhani yangemshinda, kwa sababu najua anavyompenda huyu mtoto na ninajua pa kumbonyeza. Ningesema, Mama, ni mjukuu wako. Ningesema tu jina la mtoto wa Mama Kimaro, basi. Angefungua mdomo.

Nilibaki magotini mpaka maneno yale yakashuka.

"Sawa, Mama," nilisema.

"Umekasirika."

"Sana."

"Kasirika tu." Akamrekebisha Nsia gauni. "Kesho uniulize tena. Kesho sijui."

Nje, Daktari Lugano alikuwa ameshafika uani, mkoba begani, mrija mkononi, umefungwa kwenye kitambaa safi. Nyuma yake njia ilikuwa imeanza kujaa kina mama. Nilisimama mlangoni, mikono mitupu, nikamwambia leo hakuna.

"Hata ya Nsia?"

"Hata ya Nsia."

Alinitazama usoni kama anayetafuta homa. "Mama Nsia, una uhakika? Ngoja niingie nizungumze naye, nimweleze hali ya huko chini ilivyo. Nitamweleza kwa upole."

"Alishaeleweshwa."

"Sasa mpaka lini?"

Wale kina mama wote walikuwa wananiangalia mimi, mtunzaji, mwenye sauti inayotambulika. Chumbani nilimsikia mwanangu anacheka. Nilisogea pembeni, nikauacha mlango wazi.

"Sijui," nilimwambia. "Kama ni kumweleza, usiingie. Kama ni kumuuliza, pita."

Lugano alisimama pale kizingitini. Kisha akaufungua mkoba, akaurudisha mrija ndani, akavua viatu, akaingia mikono mitupu.